Maneno Tuliyobandika Milangoni

Asubuhi moja nilikuwa nashuka kutoka Ruharo kwenda kazini, nikasimama ghafla kando ya ukuta kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kijana mmoja alikuwa anabandika matangazo ya mkutano wa maombi. Hakuwa na gundi ya dukani. Alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na uji mzito wa muhogo, ulioungua kidogo chini, naye alikuwa anaupaka ukutani kwa kipande cha ufagio. Harufu ile ilinishika shingoni. Ilikuwa chachu kidogo, yenye moshi, yenye joto la sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Nilibaki nimesimama nikiinusa mpaka yule kijana akageuka.

"Nyabo, hii si ya kula," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya huku.

Nikaona aibu, nikaondoka bila kumjibu. Mimi si mwepesi wa kujibu watu. Lakini siku nzima, huko mjini Mbarara katika duka la Hajati ninapopima vitambaa, nilikuwa nahisi vidole vyangu vinanata, ingawa nilikuwa nimevinawa. Ndiyo maana nimekaa niandike. Naandika polepole, nanyi mnaosoma mtanivumilia, maana shule yangu iliishia la saba.

Gundi kama ile tuliipika sisi wenyewe Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nilipokuwa na miaka kama tisa. Mpishi wake alikuwa Tantine Domitila, dada ya baba yangu. Kwetu Warundi wengi humwita shangazi Tantine, na huyu ndiye aliyenilea. Burundi alikuwa msusi wa vikapu. Kule Nakivale hakupata majani aliyoyataka, na mikono yake ilikuwa inamwasha. Akiketi bila kazi alikuwa anasuka hewa, vidole vinakwenda na kurudi juu ya magoti, na sisi watoto tulikuwa tunamtazama na kucheka chini chini.

Asubuhi alikusanya watoto wadogo wa majirani, wale ambao bado hawajafikia umri wa kuingia la kwanza na mama zao wako shambani. Waliketi chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne. Tantine alikuwa na shida moja na shule kubwa. Alisema mtoto wetu anaingia la kwanza hajawahi kuona neno hata moja, halafu siku ya kwanza anakutana na ubao mzima. "Ni kama kumtupa mtu ziwani umwambie karibu," alisema.

Siku moja alikwenda Ruharo, kwenye hospitali ya misheni, kutibiwa macho. Alirudi na dawa ya matone na gunia kubwa kichwani. Ndani ya gunia mlikuwa na maboksi ya sabuni yaliyokunjwa na vipande vya vitenge. Alikuwa amepita kwenye duka la Hajati, huyuhuyu ninayemfanyia kazi leo, mama Mwislamu mwenye sauti kubwa, akamkuta anafagia mabaki ya vitambaa. Hajati alimwambia, "Chukua vyote, mama. Hapa vinanifugia panya tu." Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyoanza.

Nilipotoka shuleni mchana nilikaa na Tantine kutengeneza maneno. Nilikuwa na sifa moja iliyomfaa: nilinyamaza. Watoto wengine waliniita Bubu. Tantine alisema bubu ndiye anayekata boksi sawasawa, kwa sababu mdomo wake hauvuti mkono.

Kazi ilikwenda hivi. Tulikata boksi, tukachora herufi kubwa kwa mkaa. Juu ya mkaa tulipaka gundi, na juu ya gundi tulinyunyiza mtama, punje kwa punje, mpaka herufi ikainuka kama kovu. Ikikauka tuliipaka rangi. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria. Ya bluu ilikuwa ile bluu ya kufulia mashati meupe. Nyekundu ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Tulichemsha kokwa za parachichi muda mrefu, maji yakageuka, kwanza kama chai, halafu kama damu ya kuku. Pembeni mwa neno Tantine alichora mistari ya vikapu vyake, ile inayopanda na kushuka kama vilima, na kwenye pembe alibandika kitenge.

"Neno likija uchi, mtoto atalikimbia," alisema. "Livishe kwanza."

Tulivisha NDOO. Tulivisha JIWE, MTI, MOTO na KIJIKO. Kila neno lilifungwa kwenye kitu chake, na watoto walipita wakiyagusa kwa vidole na kuyataja. MBUZI tulimfunga mbuzi shingoni. Alilitazama neno lake kwa heshima muda mfupi, akageuza kichwa, akalila lote, mtama, gundi na kitenge. Watoto walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Kuanzia siku hiyo gundi yetu tuliitia pilipili.

Halafu Tantine akafikiria milango. Alisema neno linaloishi shuleni tu ni kama mtoto anayelala kwa jirani, lazima siku moja arudi nyumbani. Tukatengeneza MLANGO kwa kila mtoto, yote mekundu, kwa sababu parachichi zilikuwa zimeiva na kokwa zilijaa kila jalala. Tuliyamaliza siku ya posho. Siku ya posho watu wazima wote wa kijiji huwa kwenye foleni ya mahindi tangu asubuhi, na Misiera hubaki na kuku, wagonjwa na watoto. Nilibeba bakuli la gundi, wadogo wakanifuata kwa mstari, kila mmoja ameshika neno lake kifuani kama mtu anayekwenda kupokea ekaristi. Tulipita nyumba kwa nyumba. Mtoto alinionyesha mlango wa kwao, mimi nikapaka, yeye akabandika na kupiga kofi juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nyumba isiyo na mtoto wa Tantine tuliiruka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sisi tulikuwa hatulijui. Kwa wazazi wetu, mtu haandiki kwenye mlango wako bure. Huko walikopita kabla ya Nakivale, kwenye kambi nyingine, watu walikuja na rangi wakatia alama kwenye baadhi ya nyumba, na wenye nyumba zilizotiwa alama walirudishwa Burundi kwa nguvu. Wengine walikuwa wameona hivyo hata kabla ya kambi, vijijini kwao wakati wa vita, na hao hawakupenda kusimulia.

Watu walirudi kutoka foleni jioni, magunia kichwani. Mama wa kwanza aliona wekundu mlangoni kwake, akaliachia gunia likaanguka. Mahindi yalimwagika, kuku wakaja mbio, naye hakuwafukuza. Wa pili akapiga kelele. Kufumba na kufumbua kijiji kizima kiko barabarani, wengine wanalia, wengine wanahesabu milango: huyu amewekewa, huyu hajawekewa.

Habari zikagawanyika njia mbili. Wenye alama walisema wanarudishwa Burundi. Wasio na alama walipoona majirani wanafunga vitu, wakasema, tumedanganywa, hawa ndio waliochaguliwa kupelekwa kuishi Kanada! Jirani yetu Mkongomani, Papa Bahati, ambaye hakuwa na mtoto mdogo na mlango wake ulikuwa mtupu, alikuja mbio kwa Tantine, shati halina kifungo.

"Mwalimu, juu ya nini mulango yangu haina kitu?" alifoka. "Mimi niko na dossier, faili ya kuomba kwenda, tangu zamani! Batu bote banaenda Kanada, mimi ninabakia fasi hii na nani? Na mbuzi?"

"Papa Bahati, imeandikwa mlango tu."

"Sawa, mulango ya kwenda wapi?"

Tantine alishindwa kujizuia, akacheka. Hapo ndipo Mwenyekiti wa kijiji chetu alipofika, na hakupenda kukuta mtu anacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mrundi mwenzetu, mkulima, na tangu jioni ile ianze watu walikuwa wanamvuta shati wakimwuliza wanapelekwa wapi, naye hajui. Mkononi alishika MLANGO wa kwake, alioubandua mwenyewe. Nyuma yake binti yake mdogo alikuwa analia, "Baba, hiyo yangu! Hiyo yangu!"

"Domitila, nani amekuruhusu kuandika kwenye nyumba za watu?"

"Nimewapa watoto neno, Mwenyekiti."

"Umewapa watu homa. Bandua yote. Kesho baada ya misa nikipita nisione hata moja. Nikiona, turubai la shule nalichukua, na shule yako imekwisha. Turubai ni la kijiji, si lako."

Nilitazama miti minne na lile turubai, na watoto waliokuwa wamekaa chini yake asubuhi hiyohiyo. Nilitaka Tantine aseme ndiyo. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo.

"Sibandui," alisema Tantine.

"Umesemaje?"

"Nikiyabandua leo, hawa watoto watajifunza kwamba neno ni kitu cha kuogopa. Hilo wamelijua bila mimi. Hata moja sibandui. Mwenye mlango akitaka, abandue mwenyewe."

Baadhi walibandua jioni ileile, sitaficha hilo. Niliwasikia wakikwangua kwa visu.

Mlango ulioniumiza zaidi ulikuwa wa Bibi Karorina. Alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, anaishi na mjukuu wake Kevini, mmoja wa watoto wa Tantine. Juu ya dari yake, tangu nimjue, kulikuwa na mzigo uliofungwa: godoro limekunjwa, blanketi, sufuria ndogo, vyote vimekazwa kwa kamba ya nailoni. Hakulilalia lile godoro. Alilala kwenye mkeka, godoro likimngoja juu. Wazee wengi wa Misiera walikuwa na mzigo wa namna hiyo, na sisi watoto tulidhani ni pambo la nyumba za wazee. Jioni ile alikuwa ameushusha, ameukalia nje, mgongo kwa mlango wake, na alikataa kuingia ndani. Kulipokucha Jumapili alikuwa bado pale, umande kwenye shuka lake.

Tantine alinipa sahani ya maharage nimpelekee.

"Weka chini," alisema Bibi bila kunitazama. "Halafu toa hiyo kitu yenu."

Nilitaka kukimbia. Mimi, Bubu, sikuwahi kumkatalia mtu mzima neno. Lakini niliona jinsi Kevini alivyolibandika neno lake, limekwenda upande, kona moja juu, alama za vidole vyake zimekauka kwenye gundi.

"Hapana, Bibi," nikasema.

Aligeuka. Nadhani hakuwa na hakika kama ni mimi niliyesema.

"Katoto, umeniambia nini?"

Sikuweza kulisema mara ya pili. Nikamshika mkono, mkono mkavu kama ganda la mahindi, nikamvuta hadi mlangoni, nikaweka kidole chake juu ya mtama. Hakukitoa. Nikakitembeza polepole kwenye herufi ya kwanza, panda, shuka, panda, shuka, halafu ya pili, na kuendelea, mpaka mwisho.

"Inasema nini?"

"Mlango."

"Na baada ya hapo?"

"Basi."

"Mlango tu? Haisemi siku ya kuondoka?"

"Haisemi, Bibi."

Halafu alikasirika kweli.

"Sasa mimi nilale nje kwa sababu ya mlango? Mlango ninaujua! Nimeukandika udongo na mikono yangu, kuna haja gani ya kuniambia ni mlango?" Akapiga ukuta kwa kiganja, vumbi likaanguka. Halafu akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, "Mnaweza kuandika kitu ninachotaka mimi?"

Tantine hakwenda misa siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kengele ilipolia alisema Mungu anajua kusoma, atatuelewa, na akakoleza moto chini ya sufuria ya gundi. Bibi Karorina aliketi katikati yetu kwenye jamvi akitoa amri. Herufi ziwe kubwa zaidi. Mtama usiachie nafasi. Nilipofungua chupa ya bluu, nikidhani rangi ile itamtuliza, alinipiga kidogo mkononi.

"Nyekundu," alisema. "Ileile."

Alitaka maneno mawili: NIKO HAPA. Tantine alichora vilima vya vikapu pande zote nne, na Bibi mwenyewe alichagua kitenge, cha manjano chenye ndege. Punje za mwisho alizipanga yeye, ulimi nje kama mtoto wa la kwanza. Tukalibandika boksi hilo chini ya MLANGO wa Kevini, bado bichi, gundi inatiririka.

Watu walikuwa wanatoka misa. Mwenyekiti alikuja na wanaume wawili, mmoja ana kisu. Walikuwa wamepita nyumba kadhaa, na nilimwona mkononi ana boksi zetu kama kuni. Bibi Karorina alisimama mlangoni pake, mdogo, shuka begani, na nyuma ya Mwenyekiti watu walianza kujaa, bado wamevaa nguo za kanisani.

"Bibi, sogea tusafishe."

"Umesoma shule, Mwenyekiti?"

"Nimesoma."

"Soma hapo."

Alisita. Akasoma haraka haraka, "Niko hapa."

"Masikio yangu ni mazee. Soma tena."

"Niko hapa!" alisoma kwa nguvu.

"Eh," alisema Bibi Karorina akiwageukia watu. "Mmesikia. Amesema mwenyewe."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengi. Mwenyekiti naye mdomo ulimcheza kidogo, nilimwona. Mwenye kisu alishusha mkono. Bibi hakucheka. Aliendelea kusimama vilevile, mkono mmoja umeshika fremu, mpaka Mwenyekiti akampa Kevini zile boksi na kuondoka.

Lakini kabla ya jioni turubai lilichukuliwa. Alikuwa amelisema mbele ya watu, na hakutaka lionekane limeanguka bure. Tantine alitazama miti minne iliyobaki uchi. Jumatatu asubuhi Bibi Karorina alitoka nje, akawaita watoto kama anavyoita kuku, akawaingiza uani kwake, chini ya upenu. Shule ilikaa pale mpaka mimi namaliza la saba. Binti ya Mwenyekiti alikuja pia, na hakuna aliyemfukuza. Papa Bahati alikuja kuomba MLANGO wake. "Hata kama haina Kanada," alisema, "mimi pia muniwekee." Tulimwekea, na kwa muda mrefu nilimwona akiutazama anapotoka, kana kwamba bado anaushuku.

Kwa miaka nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha wazee waliodhani mlango ni safari, na watu walicheka. Siku hizi sikisimulii hivyo. Nimefanya kazi mjini vya kutosha, nimeona watu wanavyoogopa kuigusa karatasi iliyoandikwa na wengine juu yao. Bibi Karorina alijua kusoma kabla yetu sote. Alikuwa amesoma milango yake ya zamani na kila mara alisoma sawasawa, kwa sababu aliyeandika alisimama nje, na maana yake ilikuwa TOKA.

Kuna kitu kingine, ndicho kilichonifanya nikae niandike. Jumapili ile, watu walipokwisha kutawanyika, Bibi alirudi kwenye mzigo wake. Fundo lilikuwa limekazwa kwa miaka. Nilipiga magoti nimsaidie kulifungua kwa meno, kama tulivyozoea, maana Nakivale kamba nzuri haikatwi, kamba hufunga mbuzi, hufunga paa, huazimwa na jirani. Bibi alinisogeza pembeni. Akachukua kisu cha jikoni akaikata, hapa, na hapa, na tena hapa, vipande vifupi visivyofaa kitu, akavitupa motoni. Halafu akabeba godoro lake ndani.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilichowaza ni hasara tu: kamba nzima, nzuri kabisa, kwa nini asingoje nilifungue? Nilimwambia Tantine kwamba Bibi amepoteza akili. Tantine aliutazama ule moshi wa nailoni, mweusi, unaonuka vibaya, akasema nimwache. Sasa ndiyo naelewa. Fundo ukilifungua, kamba inabaki, na siku wakija utafunga tena. Yeye alikuwa hafungi tena kwa ajili ya mtu yeyote.